Muulizaji Asiyechoka

Orodha ya walioitwa kwenye usaili hutoka kama faili la PDF. Huanza kuzunguka usiku, simu hadi simu, na kila aliyeomba kazi hupitisha kidole gumba ukurasa baada ya ukurasa akitafuta jina lake. Anayelikuta hufurahi, na furaha ikishatulia huja swali: nijiandae vipi? Hapo ndipo nimeona vijana wengi wenye vyeti vizuri wakikwama. Wamesoma miaka mitatu, wamefaulu, wamejisajili kwenye bodi ya taaluma yao, lakini hakuna aliyewahi kuketi nao akawauliza kama jopo litakavyowauliza.

Maandalizi ya usaili yamekuwa urithi wa nyumba chache. Mtoto ambaye baba yake ni afisa utumishi, au shangazi yake ni mhasibu wizarani, hufundishwa bila kujua kwamba anafundishwa. Husikia watu wazima wakieleza nani alipita na kwa nini, nani alikosa na alikosea wapi. Anapoitwa, anajua mlango anaouendea. Nyumbani kwetu Morogoro mama anauza vitenge. Anaijua biashara kuliko watu wengi niliokutana nao ofisini, lakini hajawahi kuketi mbele ya jopo, na ndugu zetu wengine ni wakulima na mafundi. Nilipoitwa kwenye usaili wa Afisa Ununuzi Daraja la II mwaka 2025, mtu wa kuniuliza maswali ya kazi hiyo hakuwepo nyumbani. Nilikuwa na simu, bando la wiki, na programu ya akili mnemba isiyolipiwa.

Ninayaandika haya kwa ajili ya aliye mahali nilipokuwa. Chombo hiki kinaweza kumfaa sana mtu asiye na wa kumuuliza. Ila faida niliyoipata ilitoka kwenye maswali yake kuliko majibu yake, na ningependa kueleza ni kwa nini.

Programu hizi bado ni changa. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kisha zikafuata nyingine, kama Gemini ya Google na Claude ya Anthropic. Kufikia wakati wa usaili wetu kila mtu alikuwa nayo moja kwenye simu. Katika kundi la WhatsApp la walioitwa, majibu yalianza kugawanwa siku ile ile orodha ilipotoka. Mmoja aliiomba programu imwandikie maswali ya usaili wa ununuzi pamoja na majibu yake, akatutumia. Mwingine akafanya hivyo hivyo, na wa tatu akaongeza yake. Nilizisoma kurasa zile zote kwa makini, na kilichonishtua ni jinsi zilivyofanana. Kila jibu la "Tueleze kuhusu wewe" lilianza na mtu mchapakazi, mwenye shauku, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Kila aliyeulizwa udhaifu wake alisema anapenda mno kazi iwe kamilifu.

Sababu iko katika namna programu hizi zilivyoundwa. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani linaelekea kufuata baada ya yale yaliyotangulia. Usipoipa programu chochote kilicho chako, kinachoelekea kufuata ni kile ambacho wengi wamekwisha kuandika. Ndiyo maana watu watatu waliokaa mikoa mitatu tofauti walipewa mtu yule yule mchapakazi, kila mmoja akiamini ni wake.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mjumbe wa jopo. Usaili uliopangwa vizuri humuuliza kila mtu maswali yale yale na kumpima kwa kigezo kile kile. Frank Schmidt na John Hunter, wataalamu wa saikolojia ya kazi nchini Marekani, walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 na kuyachapisha mwaka 1998. Walionyesha kwamba usaili wa aina hiyo hutabiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpangilio. Uwiano ulikuwa 0.51 dhidi ya 0.38. Nguvu yake inatokana na kulinganisha. Anayejibu kama wote analinganishwa na wote, na mjumbe aliyewasikia wachapakazi wenye shauku tangu asubuhi hana sababu ya kumkumbuka wa mchana.

Kwa hiyo niliigeuza kazi. Badala ya kuomba majibu, niliiandikia programu maneno kama haya: "Wewe ni jopo la usaili wa Afisa Ununuzi katika utumishi wa umma Tanzania. Niulize swali moja, usubiri nijibu. Usinipe jibu, usinisifu. Nikimaliza, niulize kuhusu jambo nililoliruka au nisilolieleza vizuri, mpaka uridhike. Ndipo uende swali jingine." Nikaiambia pia kazi niliyokuwa nimeifanya. Baada ya chuo nilijitolea katika kitengo cha usimamizi wa ununuzi cha halmashauri moja. Nilisaidia kuandaa nyaraka za zabuni, kuingiza taarifa kwenye mfumo, kupokea mali na kutunza leja ya stoo.

Swali lililonifungua macho lilikuwa la kawaida sana: eleza tukio ambalo ulilinda fedha za umma. Nilijibu kwamba tulipokea mabati yasiyokidhi vigezo vya mkataba, tukayarudisha kwa mzabuni.

Ikauliza: "Nani aliyegundua kwamba hayakidhi vigezo?"

Nikajibu: kitengo.

"Ndani ya kitengo, ni nani? Wewe mwenyewe ulifanya nini siku hiyo?"

Nilitulia kidogo kabla ya kuandika tena. Ukweli ni kwamba mkataba ulitaka mabati ya geji 28 kwa ajili ya kuezeka madarasa. Yaliyoletwa yalikuwa na chapa ya geji 28, lakini nilipokuwa nikiyashusha pamoja na wahudumu wa stoo niliyaona mepesi mkononi. Stoo ilikuwa na mabati machache yaliyobaki kutoka mradi wa nyuma, geji hiyo hiyo. Nilinyanyua lile la zamani, nikanyanyua jipya, nikaona tofauti. Nilimwomba fundi sanifu wa idara ya ujenzi aje na mikromita, tukapima. Yalikuwa geji 30, na kwenye mabati kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja, nikampelekea mkuu wa kitengo, na kamati ya ukaguzi na mapokezi ikayakataa. Mzabuni aliyachukua na kuleta yanayostahili.

Hayo yote nilikuwa nimeyafunika kwa "tuliyarudisha". Wala sikuwa nikidanganya. Ndivyo nilivyolelewa kusema. Tumekua tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto anayetanguliza "mimi" mbele ya wakubwa huonekana hakufunzwa. Adabu hiyo naipenda na sitaki kuiacha. Lakini jopo lina dakika chache. Haliwezi kwenda stoo kuona nani alinyanyua bati. Mjumbe anayesikia "tulirudisha" hawezi kukupa alama kwa kazi ambayo hajui kama ni yako au ya mkuu wako.

Rafiki angeniuliza mara moja, aone nimesitasita, abadilishe mazungumzo kwa kunionea huruma. Programu haikuwa na huruma hiyo wala haraka. Kila nilipojificha nyuma ya wenzangu ilinirudisha kwa upole ule ule: wewe ulifanya nini? Taratibu nikapata njia iliyo kati ya kujisifu na kujificha, nayo ni kutaja vitendo na kuacha sifa. Nilinyanyua, nililinganisha, nilimwita fundi, niliandika. Hakuna neno hata moja la kujigamba humo, na bado mtu akisikia anajua ni mfanyakazi wa namna gani anayezungumza naye. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyapata katika maandalizi yale, na halikutoka kwenye akili ya mashine. Lilikuwa langu tangu mwanzo. Mashine ilichofanya ni kuuliza hadi likatoka.

Nilijibu kwa sauti, si kwa kuandika tu. Nilijirekodi kwa simu nikiwa chumbani, nikasikiliza, kisha nikajibu tena bila kuangalia popote. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alikuwa akiketi kitandani anisikilize, na mahali asipoelewa alisema haelewi. Njia hii ina msingi wake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo: wengine walisoma kifungu na kukisoma tena, wengine walisoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kitabu. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja hali iligeuka, na waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua; kuulizwa humwonyesha anachojua kweli. Wenzangu waliokariri kurasa za WhatsApp walikuwa wakisoma usiku kucha, na nina hakika walijitahidi kuliko mimi. Nilisikitika kwamba juhudi zote zile ziliwekwa kwenye maneno ambayo hayakuwa yao.

Upande wa sheria ndiko nilikojifunza pa kuweka mpaka. Nilipoiuliza programu kuhusu ununuzi wa umma nchini kwetu, ilinieleza kwa ufasaha na uhakika mkubwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, na ikasema zabuni hutangazwa kupitia mfumo wa TANePS. Ilitaja hadi namba za vifungu. Mtu asiyeijua kazi angepiga chapa na kukariri. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mfumo wa NeST siku nyingi. Ndio ulioichukua nafasi ya TANePS kuanzia mwaka 2023. Sheria iliyokuwa ikitumika ni ile ya mwaka 2023, pamoja na kanuni zake za 2024. Programu ilikuwa ikinipa nchi ya jana.

Ukifikiri, utaona ni jambo la kutarajiwa. Sheria ya 2011 iliandikiwa vitabu, tasnifu, hukumu na taarifa kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali ile mpya ilikuwa na maandishi machache. Chombo kinachokadiria kwa wingi wa maandishi huvutwa na lililoandikwa sana, na hukisema cha zamani kwa sauti ile ile inayotumia kusema cha leo. Msikilizaji hana namna ya kutofautisha kwa kusikiliza tu.

Nilijiwekea utaratibu ambao ningemshauri kila mtu aufuate, awe anaomba kazi ya uuguzi, ualimu, uhasibu au udereva. Sheria, kanuni na miongozo nilivisoma kwenye nyaraka zenyewe, zile zinazotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Kisha nilikichukua kifungu, nikakibandika kwenye programu, nikaiambia: niulize kutokana na maandishi haya tu. Ilifanya kazi nzuri ajabu. Iliniuliza asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi inatengwa kwa ajili ya nani, nikataja vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ikaendelea: kwa nini Serikali ifanye hivyo wakati inataka pia bei nafuu? Iliniuliza kwa nini kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zitengewe kampuni za ndani, na afisa ununuzi afanye nini kampuni ya ndani ikileta bei ya juu mno. Maswali ya namna hiyo humlazimisha mtu aelewe sababu ya kifungu, na anayeijua sababu hasahau kifungu chenyewe.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo sikuweza kulipata kwenye programu. Nilipoomba ushauri wa namna ya kuingia chumba cha usaili, niliambiwa nitoe mkono kwa nguvu, nimtazame kila mjumbe machoni, nijiuze. Ushauri huo una kwao, na huko huenda ni wa busara. Huku kwetu msichana wa umri wangu anayemkuta baba wa makamo na mama mwenye umri wa mama yake hatangulizi mkono. Nilikwenda kumwuliza mkuu wa kitengo nilichojitolea, mtu aliyewahi kuketi kwenye majopo. Alinipokea kama baba.

"Ukiingia, mwanangu, wasalimie kwanza. Sema shikamooni, usubiri waitikie. Usiketi mpaka uambiwe. Anayekuuliza ndiye unayemjibu, lakini usiwasahau wengine."

"Na nisipojua jibu, mzee?"

"Sema sijui hili, ila ningelitafuta mahali fulani. Mtu wa ununuzi anayebuni jibu leo, kesho atabuni bei."

Sentensi hiyo ya mwisho imenikaa kichwani kuliko chochote nilichosoma kwenye skrini. Nimejifunza kwamba kuna maarifa yaliyoandikwa na kuna maarifa yaliyo kwa watu, na akili mnemba ina mengi ya yale ya kwanza na machache ya haya ya pili. Anayeanza kuitumia halafu akaacha kuwauliza wakubwa wake amejipunguzia.

Lugha nayo ina nafasi yake. Sikujua jopo langu lingeniuliza kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, nikajiandaa kwa zote mbili. Kiswahili cha programu kilieleweka, ingawa mara nyingine kilikuwa kigumu, maneno sahihi yaliyopangwa na mtu asiyeishi nasi. OpenAI wenyewe, walipotoa GPT-4 Machi 2023, walionyesha kwamba katika mtihani mmoja wa maarifa ilipata asilimia 85.5 kwa Kiingereza na 78.5 kwa Kiswahili. Pengo hilo linatokana na uchache wa maandishi yetu, na linatukumbusha kuendelea kuandika. Lakini kwa mazoezi ya Kiingereza nilifaidika sana. Nimeona watu hodari wa kazi wakitetemeka kwa kuogopa kukosea sarufi mbele ya watu. Mbele ya programu hakuna wa kucheka. Niliiomba isahihishe pale tu ambapo kosa lingepotosha maana, na iniachie namna yangu ya kusema. Ikibadilisha kila kitu, unabaki na sentensi nzuri ambazo ulimi wako hauzijui, na swali la nyongeza likija unaanguka.

Baadhi ya wenzangu waliiomba iwapime na kuwapa alama. Hilo sikulifanya, na nina sababu. Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na programu yake ya majaribio ya kuchambua wasifu wa waombaji kazi, kwa kuwa ilikuwa ikiwashusha wanawake. Ilikuwa imejifunza kutoka kwenye wasifu uliopokelewa kwa miaka kumi, mwingi wake ukiwa wa wanaume, ikaona hiyo ndiyo sura ya mfanyakazi anayefaa. Mimi ni mwanamke, ninatoka kwenye nyumba isiyo na jina, nimefanya kazi ya kujitolea ambayo haina cheo. Sikuona kwa nini nimpe hukumu juu yangu mwamuzi wa namna hiyo, na kuingia kwenye usaili nikiwa na namba yake moyoni. Kuuliza, iniulize ipendavyo. Kuhukumu ni kazi ya watu wanaoweza kuwajibishwa kwa hukumu yao.

Nilichunga pia nilichoipa. Namba ya NIDA, vyeti, jina la mzabuni wa mabati na nyaraka za halmashauri havikuingia humo kamwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kinga ya kwanza ni mtu mwenyewe kutoyatoa yasiyo lazima. Kwa afisa ununuzi jambo hili ni zito zaidi. Kazi yake yote inasimama juu ya kutunza siri za zabuni mpaka muda wake ufike. Anayejiandaa kwa kazi ya siri kwa kumwaga siri ameanza vibaya.

Na liko lile ambalo watu hulisema kwa minong'ono: kutumia programu ndani ya usaili wenyewe, hasa ule unaofanyika kwa njia ya mtandao, mtu akisoma majibu kwenye skrini huku akijifanya anafikiri. Naliona ni wizi wa nafasi ya mwenzako, na ni kujidhulumu pia. Siku ya kufungua zabuni wazabuni wamekaa mbele yako, kila mmoja ana macho na masikio. Atakayekuuliza kwa nini zabuni yake imekataliwa anataka jibu lako hapo hapo. Aliyebebwa kuingia itabidi abebwe kila siku.

Siku ilipowadia nilipanda treni ya SGR Morogoro kwenda Dodoma. Tangazo la kuitwa nilikuwa nimelisoma lenyewe, mstari kwa mstari, kwa sababu ile ile niliyosoma sheria yenyewe: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kitambulisho, na kila msailiwa kujigharamia usafiri, chakula na malazi. Usaili wa mchujo, ule wa kuandika, nilifaulu. Nikaitwa kwenye mahojiano.

Niliingia, nikasema shikamooni, nikasubiri. Swali la tatu au la nne lilikuwa karibu sawa na lile la simu yangu: nieleze namna nilivyowahi kusimamia thamani ya fedha. Niliwapa mabati. Nilinyanyua, nililinganisha, nilimwita fundi, niliandika. Nilimwona mama mmoja, aliyekuwa ameinama akiandika, akinyanyua uso. Kisha akaniuliza jambo ambalo programu haikuwahi kuniuliza.

"Na kama mkuu wako angekwambia uyapokee hivyo hivyo, shule zinakaribia kufunguliwa?"

Nilifikiri kidogo. Nilimkumbuka mkuu wangu wa kitengo, jinsi alivyoishika ile taarifa yangu ya ukurasa mmoja siku ile na kuipeleka kwenye kamati bila kuniuliza nani alinituma. Nilijibu kwamba ningemshauri kwa maandishi, nikieleza mkataba unasema nini na hasara ni ipi, kwa kuwa sheria imetenganisha majukumu ili mtu mmoja asiamue peke yake, na kwamba kupokea mali ni kazi ya kamati, si yangu wala ya mkuu wangu. Nikaongeza kwamba bati jembamba halimngojei aliyelipokea. Linavuja juu ya watoto ambao hawakuwepo kwenye kikao. Mama yule aliinama akaandika tena.

Jibu hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Nilichokuwa nimefanyia mazoezi ni kuulizwa: kusikia swali nisilolitegemea, kutotaharuki, na kulitafutia jibu katika kazi niliyoifanya na sheria niliyoisoma. Sasa ninaamini hayo ndiyo maandalizi yenyewe. Hakuna chombo kinachoweza kukisia kila swali, na mtu hahitaji kikisie. Anahitaji kuzoea kujitafuta ndani ya yale anayoyajua.

Jina langu liliingia kwanza kwenye kanzidata ya waliofaulu, na baadaye nikapangiwa kituo cha kazi. Tangu wakati huo vijana hunitafuta, wengine ndugu, wengine watoto wa majirani wa mama pale sokoni. Huniomba niwatumie maswali na majibu. Siwatumii. Ninaketi nao, ninamwuliza kila mmoja alifanya nini kwa mikono yake, na akianza na "tulifanya" namrudisha. Kisha namwonyesha namna ya kuifanya simu iendelee kumwuliza nikishaondoka.

Ninachokitamani ni kuona jambo hili halibaki kwa bahati ya kumjua mtu. Vyuo vyetu viweke mazoezi ya usaili kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kila mwanafunzi aulizwe na mtu wa taaluma yake japo mara moja kabla ya kupewa cheti. Maktaba za mikoa zina meza, viti na utulivu. Zinaweza kuwa mahali pa vijana kukutana, kusoma nyaraka halisi za taaluma zao na kuulizana. Nasi tulio kazini tujue kwamba kila mmoja wetu anaweza kuwa jopo la mtoto wa mtu, kwa saa moja tu ya Jumamosi.

Nawe uliyeliona jina lako kwenye orodha usiku huu, anza na kazi yako. Andika mambo uliyoyafanya, hata yale unayoyaona madogo. Tafuta sheria au mwongozo wa taaluma yako katika chapa yake ya sasa. Tafuta mkubwa mmoja anayeijua kazi, umsalimie na umwulize. Kisha ifungue programu, uiambie isikujibu lolote, ikuulize tu. Jibu kwa sauti, na ikikuuliza wewe ulifanya nini, usione haya kusema.